Verona ya 1985: Ubingwa wa Wachezaji Walioachwa

Jumapili ya tarehe 16 Septemba 1984, macho ya wapenzi wa kandanda yalikuwa kwenye uwanja wa Marcantonio Bentegodi mjini Verona, lakini si kwa ajili ya wenyeji. Diego Maradona, ambaye Napoli ilikuwa imemnunua kutoka Barcelona kwa bei iliyovunja rekodi ya dunia, alikuwa anacheza mechi yake ya kwanza katika Serie A. Kocha wa Verona, Osvaldo Bagnoli, alimkabidhi kazi ya kumchunga Hans-Peter Briegel, Mjerumani mwenye mapaja kama ya mpagazi wa bandarini, aliyekuwa mwanariadha wa michezo kumi kabla ya kuhamia kwenye soka. Naye Briegel alikuwa mgeni wa ligi hiyo siku hiyohiyo. Kipenga cha mwisho kilipolia, Maradona alikuwa hajafurukuta, Briegel alikuwa amefunga bao, Giuseppe Galderisi na Antonio Di Gennaro walikuwa wameongeza mengine, na Verona ilikuwa imeshinda 3-1.

Ushindi huo ungeweza kupita kama bahati ya siku ya kwanza. Wakubwa huwa wanachelewa kuamka, na ligi ilikuwa na mechi 30. Lakini Verona iliyokaa kileleni jioni ile haikushuka tena. Kwa miezi minane, iwe peke yake au bega kwa bega na wengine, ilibaki juu ya msimamo mpaka Mei 1985 ilipokabidhiwa ubingwa wa Italia, wa kwanza katika historia yake na wa pekee hadi leo.

Klabu yenyewe ni ya watoto wa shule. Mwaka 1903, wanafunzi wa shule ya sekondari ya Maffei mjini Verona waliamua kuunda timu ya mpira, na mwalimu wao wa Kigiriki, Decio Corubolo, ndiye aliyewapa jina la Hellas. Rangi za njano na buluu walizichukua kwenye nembo ya mji. Siku hizo soka lilikuwa bado kitu kigeni kwa wenyeji wengi, na mwaka 1906 timu mbili za mjini zilionyesha mchezo ndani ya Arena, ukumbi wa mawe uliojengwa na Warumi katika karne ya kwanza, ambao leo watalii huujaza kwenda kusikiliza opera. Mwaka 1928 klabu iliunganishwa na nyingine mbili za mjini, na jina la Hellas likapotea kwa miaka 31 kabla ya kurudishwa mwaka 1959.

Kwa muda mrefu hakukuwa na la kujisifia sana. Verona ilipanda Serie A kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na kushuka msimu uliofuata. Ilirudi mwaka 1968, miaka mitano baada ya uwanja wa Bentegodi kufunguliwa, ikajijengea sifa ya ajabu ya kuwaharibia wengine sherehe: tarehe 20 Mei 1973, Milan ilikwenda Verona siku ya mwisho ya ligi ikiwa inaongoza, ikachapwa 5-3, na Juventus ikabeba kombe. Mwaka mmoja baadaye wenyewe wakaingia matatani. Rais wa klabu, Saverio Garonzi, alibainika kumpigia simu mshambuliaji wa Napoli, Sergio Clerici, kabla ya timu hizo kukutana, akimwahidi neema ya biashara ya magari huko Brazil. Shirikisho likaishusha Verona daraja. Hiyo ndiyo klabu iliyokuja kuwa bingwa miaka 11 baadaye: ya mji wa watu robo milioni hivi, isiyo na kombe lolote kubwa kabatini, inayojulikana nje ya Italia kwa sababu Shakespeare aliwaweka Romeo na Juliet katika mji wake.

Bagnoli alifika mwaka 1981. Hakuwa mgeni, kwani alikuwa ameichezea Verona kuanzia 1957 na alikuwamo kwenye kikosi cha ule msimu wa kwanza wa Serie A. Alizaliwa mwaka 1935 katika Bovisa, mtaa wa viwanda wa Milano, na tabia za mtaa huo hakuziacha: alisema machache na aliwachukia wenye maneno mengi. Mwandishi mashuhuri wa michezo Gianni Brera alimbandika jina la mwanafalsafa Schopenhauer kwa ule uso wake wa huzuni. Verona ilikuwa Serie B alipoichukua. Msimu wake wa kwanza alipanda nayo daraja akiwa bingwa wa ligi hiyo. Wa pili alimaliza wa nne katika Serie A na kufika fainali ya Kombe la Italia, ambako aliifunga Juventus 2-0 nyumbani kisha akapigwa 3-0 katika muda wa nyongeza huko Torino. Wa tatu alishika nafasi ya sita na kufika fainali tena, safari hii akipoteza kwa Roma.

Ni vizuri msomaji ayashike mambo hayo, kwa sababu hadithi ya Verona hupenda kusimuliwa kama muujiza uliodondoka kutoka mbinguni mwaka 1985. Timu iliyocheza fainali mbili za kombe mfululizo na kumaliza ya nne na ya sita haikuwa kichekesho cha ligi. Ilikuwa nyumba iliyokwisha kupigwa msingi na kuezekwa nusu.

Waliojengewa nyumba hiyo walikuwa hasa watu ambao wakubwa walishawaona hawawafai. Mkurugenzi wa ufundi, Emiliano Mascetti, aliyewahi kuwa nahodha wa timu hiyo, alijua wapi pa kuokota. Winga Pietro Fanna na mshambuliaji mfupi Galderisi walitoka Juventus, ambako benchi lilikuwa limewazoea. Kiungo mchezeshaji Di Gennaro na mwenzake Luciano Sacchetti walitoka Fiorentina. Nahodha Roberto Tricella, beki wa mwisho aliyetembea na mpira kama mtu asiye na haraka, aliachwa na Inter. Beki wa kushoto Luciano Marangon alikuja kutoka Roma. Domenico Volpati, kiungo wa kazi chafu, alikuwa na miaka 33 na alikuwa amechanganya mpira na masomo ya udaktari. Baadaye maishani alikuja kuwa daktari wa meno.

Halafu kulikuwa na kipa. Claudio Garella alipokuwa Lazio alifungwa mabao ya aibu kiasi kwamba jina lake likageuzwa kuwa istilahi ya makosa ya makipa. Verona alikuwa mtu mwingine, ila hakubadili staili yake: aliokoa kwa miguu, kwa magoti, kwa kifua, kwa chochote kilichokuwa karibu na mpira. Mzaha unaonasibishwa na mwenye Juventus, Gianni Agnelli, ni kwamba Garella alikuwa kipa bora duniani, mradi asitumie mikono.

Fedha hazikuwa nyingi, lakini zilikuwapo. Rais alikuwa Celestino Guidotti na nyuma yake alisimama mfanyabiashara Ferdinando Chiampan, aliyesambaza bidhaa za Canon nchini Italia, na ndiyo maana jina hilo likaonekana kifuani mwa jezi. Kanuni za wakati ule ziliruhusu wageni wawili tu kwa kila timu. Katika kiangazi cha 1984 Napoli ilimnunua Maradona, Fiorentina ikamleta Sócrates, Inter ikamchukua Karl-Heinz Rummenigge, huku Juventus ikiwa tayari na Michel Platini na Udinese ikiwa na Zico. Verona ilimleta Briegel kutoka Kaiserslautern na Mdenmark Preben Elkjær kutoka Lokeren ya Ubelgiji. Elkjær alikuwa ametoka kwenye mashindano ya Ulaya ambako alikosa penalti dhidi ya Hispania katika nusu fainali. Alivuta sigara, alikimbia kama aliyeibiwa, na mashabiki wakampachika jina la farasi kichaa.

Ukiutazama usajili huo leo, unaona akili ya Bagnoli. Hakuhitaji mfalme, alihitaji vipande viwili vilivyokosekana. Timu yake ilikaba, ikasubiri, kisha ikatoka kwa kasi. Silvano Fontolan na Mauro Ferroni waliwafuata washambuliaji wa wapinzani mtu kwa mtu, Tricella akafagia nyuma yao, Di Gennaro akatoa pasi ndefu, Fanna akapanda kulia na Marangon kushoto. Briegel, aliyecheza soksi zikiwa zimeshuka hadi kwenye vifundo, alitokea katikati ya uwanja na kuingia kwenye boksi bila kuonekana. Kiungo huyo alimaliza msimu na mabao tisa, moja zaidi ya Elkjær. Galderisi alifunga 11.

Tarehe 14 Oktoba 1984, siku ya tano ya ligi, Juventus ilikuja Bentegodi. Galderisi aliifunga timu yake ya zamani kwa kichwa. Kisha, mchezo ukielekea ukingoni, Elkjær alipokea mpira upande wa kushoto na kuanza kukimbia. Stefano Pioli, beki kijana wa Juventus ambaye miaka mingi baadaye angekuwa kocha bingwa na Milan, alimwendea kwa miguu yote. Kiatu cha kulia cha Elkjær kikachomoka kikabaki kwenye nyasi. Mdenmark hakusimama. Aliingia ndani ya boksi akiwa na soksi mguu mmoja, akamhadaa beki mwingine, akapiga kwa mguu uleule usio na kiatu, na mpira ukaingia wavuni. Ikawa 2-0. Mjini Verona bao hilo bado linaitwa bao la bila kiatu.

Mechi 14 za mwanzo Verona haikufungwa. Ilitoka sare ya bila mabao na Inter, Roma, Sampdoria, Milan na Como, ikaifunga Torino 2-1 ugenini, na nusu ya kwanza ya ligi ilipokwisha ilikuwa imefungwa mabao saba tu. Kipigo cha kwanza kilikuja Avellino, 2-1, Januari 1985, mwezi ambao theluji ilifunika Italia ya kaskazini kiasi cha kusimamisha miji. Waliotabiri kwamba timu ya mkoani ingepukutika wakati wa baridi walisugua mikono.

Jibu kwao lilikuja Februari, kule Udine. Wageni waliongoza 3-0 wakiwa wamestarehe. Udinese ikarudisha moja, la pili, la tatu. Kwa timu iliyokuwa ikisubiriwa ianguke, hapo ndipo palikuwa mahali pa kuangukia. Verona ilifunga mawili mengine na kuondoka na ushindi wa 5-3. Kikosi kilichosifiwa kwa ukuta wake kilikuwa kimeonyesha kwamba ukuta ukibomoka kinajua kupigana mtaani.

Sasa lile suala la waamuzi. Soka la Italia lilikuwa bado na kidonda cha kashfa ya kamari ya mwaka 1980, iliyozishusha daraja Milan na Lazio, na malalamiko kwamba wakubwa wanapendelewa hayakuisha. Kwa hiyo msimu wa 1984/85 waamuzi walipangwa kwa kura: majina yakachanganywa, yakachotwa, na hakuna aliyekaa ofisini kuamua nani achezeshe mechi gani. Msimu uliofuata utaratibu huo wa kura tupu uliachwa. Tangu hapo wapo wanaosema kwamba mwaka pekee ambao marefa walichaguliwa na bahati ndio mwaka ambao mnyonge alishinda, na kwamba hilo linatosha kueleza yote.

Hoja hiyo ina utamu wake, na Waveronese wenyewe huisimulia kwa furaha, lakini haisimami vizuri. Napoli ilitwaa ubingwa mwaka 1987 na 1990, na Sampdoria mwaka 1991, kura ikiwa imeshasahaulika. Na kura haiwezi kumfundisha kipa kuokoa kwa goti. Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba msimu ule hakuna aliyekuwa na kisingizio. Verona ilipofungwa 2-1 nyumbani na Torino katika mzunguko wa 25, hakuna aliyesema imeonewa. Ilikwenda Milano ikatoka sare na Milan, ikaifunga Lazio 1-0, ikatoka sare Como, na pengo likabaki palepale.

Tarehe 12 Mei 1985 msafara wa mashabiki wa njano na buluu ulielekea Bergamo, kwa Atalanta. Pointi moja ilitosha. Eugenio Perico aliwatangulizia wenyeji bao, na kwa muda wa nusu mechi maelfu waliosafiri walikaa wakihesabu. Kipindi cha pili kilipoanza, Elkjær alisawazisha. Ikaisha 1-1. Wiki moja baadaye Avellino, wale waliovunja rekodi ya kutofungwa, walikuja Bentegodi kwenye sherehe na kufungwa 4-2.

Msimamo wa mwisho unasomeka hivi: Verona pointi 43, ushindi 15, sare 13, vipigo viwili, mabao 42 ya kufunga na 19 ya kufungwa. Ushindi ulikuwa na pointi mbili wakati huo. Torino ilikuwa ya pili na pointi 39, Inter ya tatu na 38. Juventus ya Platini, mfungaji bora wa ligi kwa mabao 18, ilipitwa kwa pointi saba. Briegel alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka nchini mwake, wa kwanza kupewa heshima hiyo akiwa anacheza nje ya Ujerumani Magharibi, na Elkjær alishika nafasi ya pili nyuma ya Platini katika Mpira wa Dhahabu wa 1985.

Sherehe zilifuatwa na msiba. Tarehe 29 Mei, kabla ya fainali ya Kombe la Ulaya kati ya Juventus na Liverpool katika uwanja wa Heysel mjini Brussels, watu 39 walikufa, wengi wao Waitalia. Msiba huo uliikuta Verona kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Ikicheza Kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza, iliitoa PAOK ya Ugiriki, kisha ikapangwa na Juventus, mabingwa watetezi. Mechi ya kwanza ilikuwa 0-0. Ya marudiano, tarehe 6 Novemba 1985, ilichezwa Torino mbele ya majukwaa matupu kwa sababu ya adhabu ya Heysel. Juventus ilishinda 2-0, na Waveronese waliona refa Mfaransa, Robert Wurtz, amewanyima penalti ya wazi. Inasimuliwa kwamba askari walipofika vyumba vya kubadilishia nguo, Bagnoli, mtu asiyependa maneno, aliwaambia kama wanatafuta wezi basi waende chumba cha pili.

Wachezaji walioachwa na wakubwa sasa walikuwa wanatafutwa na wakubwa. Fanna na Marangon walikwenda Inter, Garella akaenda Napoli na kutwaa ubingwa pamoja na Maradona mwaka 1987, Tricella akaja kuhamia Juventus. Mabingwa walimaliza msimu wa 1985/86 katika nafasi ya kumi. Waliinuka tena kidogo, wakashika nafasi ya nne mwaka 1987 na kufika robo fainali ya Kombe la UEFA mwaka 1988, lakini hesabu za fedha zilikuwa zimeanza kugoma. Mwaka 1990 Bagnoli na Verona yake walishuka daraja. Kabla ya kuondoka, waliifunga Milan 2-1 na kwa mara nyingine wakaikosesha kombe. Mwaka 1991 klabu ilifilisika. Iliendelea, ikapanda na kushuka, hadi mwaka 2007 ilipojikuta daraja la tatu. Ilirudi Serie A mwaka 2013, na miaka miwili baadaye Luca Toni, akiwa na miaka 38, alimaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 22, sawa na Mauro Icardi wa Inter.

Kumbukumbu ya klabu hii haiwezi kuandikwa kwa rangi mbili tu. Siku ile ya Maradona, mashabiki wa jukwaani waliwakaribisha Wanapoli kwa bango la kuwakaribisha Italia, yaani kuwaambia kwamba kusini si Italia, na Maradona mwenyewe alilikumbuka maisha yake yote. Mwaka 1996 sanamu nyeusi ilining'inizwa jukwaani kupinga usajili wa mchezaji mweusi, Mholanzi Maickel Ferrier, na usajili ukafa. Novemba 2019 Mario Balotelli, akiichezea Brescia, alisimamisha mchezo na kuupiga mpira jukwaani kwa hasira ya kelele za kibaguzi. Anayeisherehekea Verona ya 1985 hana haja ya kuficha hayo, na klabu inayojivunia kuwainua waliodharauliwa ilistahili jukwaa bora kuliko hilo.

Bagnoli alikwenda Genoa, akaifikisha nafasi ya nne na mwaka 1992 akaifanya timu ya kwanza ya Italia kushinda kwenye uwanja wa Liverpool, Anfield. Akaenda Inter, akamaliza wa pili mwaka 1993, akafukuzwa mwaka uliofuata akiwa na miaka 58. Hakufundisha tena. Alirudi kuishi Verona.

Tangu ligi ya Italia iwe ya kundi moja mwaka 1929, Hellas Verona ndiyo klabu pekee kutoka mji usio makao makuu ya mkoa iliyowahi kuwa bingwa. Kuanzia 1986 hadi msimu wa 2024/25, kombe limekaa katika miji mitano tu: Torino, Milano, Napoli, Genoa na Roma.